Ziara ya wanafunzi Tembe la Livingstone, Kwihara: naomba mwongozo wa kupanga

Mwl_Ipuli

Habari za kazi wadau, hasa walimu wenzangu wa Tabora na Kigoma.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Wanafunzi ni 58, walimu wa kuambatana nao wanne. Mada tuliyo nayo ni ushairi, kuhakiki na kutunga. Shuleni walitamani twende Machui, Tanga, alikozikwa Shaaban Robert, lakini kutoka huku ni siku nyingi njiani na mchango ambao wazazi wengi hawauwezi. Mwalimu wa Historia amependekeza tuunganishe masomo mawili, twende hapa hapa Kwihara kwenye tembe (nyumba ya udongo) alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa karne ya 19. Yeye afundishe biashara ya masafa marefu na mawakala wa ukoloni, mimi watoto warudi na mashairi.

Naomba kujua haya: muda gani wa mwaka unafaa, usafiri wa watu 62 upangweje, nyumba ile ndogo inawezaje kupokea wanafunzi 58 bila vurugu, na nifanye nini ili mashairi yasiwe ya "nilipoamka asubuhi nikapanda basi". Pia kama kuna aliyewahi kupanga safari ya shule Tabora hadi Ujiji kwa treni, atueleze inavyokuwa.

Natanguliza shukrani.

---

Kazeh_Kale

Mwalimu, umechagua vizuri. Kwihara haizidi kilomita kumi kutoka mjini, kwa hiyo umbali haukusumbui. Ugumu ni kwamba pale ni nyumba tulivu, vyumba vidogo, nakala za barua na ramani ukutani, milango ya nakshi, basi. Mtoto asiyejua kilichotokea mle ndani atamaliza kuitazama kwa dakika kumi kisha atafute kivuli. Ndiyo maana ziara nyingi za pale hubaki kuwa picha za pamoja mlangoni. Nusu ya kazi ifanyike darasani, vipindi vinne hivi, kabla hamjapanda gari.

Vipindi hivyo viwe na mfuatano huu wa matukio, na kila mwanafunzi aunakili kwa mkono wake:

1857, wapelelezi Burton na Speke wanafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Juni 1871 mwandishi wa habari Stanley anafika Kwihara akimtafuta Livingstone, anakuta njia ya Ujiji imefungwa na Mirambo, mtawala wa Urambo. Agosti anajiunga na Waarabu kumpiga Mirambo. Wanashindwa vibaya, Mirambo anaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Stanley anatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za nyumba ya Kwihara akisubiri kushambuliwa. Tarehe 20 Septemba anaondoka kwa kuzungukia kusini ili kuukwepa uwanja wa vita. Anakutana na Livingstone Ujiji, na wote wawili wanarudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley anaondoka 14 Machi. Livingstone anabaki peke yake na watu wake hadi 25 Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Miezi hiyo mitano ya kusubiri ndiyo roho ya nyumba ile. Mwambie mwanafunzi afikirie mgonjwa aliyekaa humo Machi hadi Agosti, hana wapagazi, hajui watafika lini. Hapo mshairi wako ana pa kuanzia.

Halafu lipo tukio ambalo walimu wengi hulipita haraka na mimi naliona kubwa kuliko yote. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Oktoba 1873 wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wauzike mwili hapa hapa. Wakakataa. Mbele kidogo, kwa kuwa watu wa njiani wangezuia maiti kupita, wakaufunga mwili uonekane kama robota la nguo, na fungu jingine la vijiti lililofungwa kama maiti wakalirudisha Unyanyembe, ionekane wamekubali kuzika. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mazishi yakafanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya wote waliobeba, aliyekuwepo kule ni Jacob Wainwright tu.

Sasa namna ya kuigawa siku. Usiwaingize wote 58 kwa pamoja. Vyumba havichukui, walio nyuma hawasikii, na mlango mmoja ukizibwa na watoto ishirini mwongoza wageni anapoteza sauti bure. Gawa makundi manne: mawili ya 15, mawili ya 14. Kila kundi na mwalimu wake, na mwalimu habadilishi kundi siku nzima. Tengeneza vituo vinne, kila kimoja dakika 25, na dakika tano za kuhama:

Kituo cha ndani, na mwongoza wageni. Kituo cha ukuta: futi kamba moja na karatasi ya mistari ya mraba, wanapima unene wa kuta, upana wa milango, urefu wa ua, kisha wanachora ramani ya nyumba kutoka juu. Wakishapima unene wa ukuta ndipo wanaelewa kwa nini mle ndani kuna ubaridi saa sita mchana, na kwa nini Stanley aliona nyumba inaweza kuwa ngome. Kituo cha vyanzo, kivulini, na cha mzigo, nitavieleza sasa hivi.

Kituo cha vyanzo: wape tarehe mbili. Stanley alichapisha kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Kwa hesabu ya shajara ya Livingstone ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua na kupoteza hesabu ya siku. Zaidi ya hapo, lile swali maarufu la "Daktari Livingstone, nadhani?" Livingstone hakuliandika katika shajara yake, na ukurasa wa Stanley wa siku ile ulichanwa. Waulize: tumwamini nani, na kwa sababu gani? Dakika 25 hazitoshi, watataka kuendelea ndani ya gari.

Kituo cha mzigo: frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu na chakula. Jaza mchanga kwenye gunia, pima kilo 32 kwenye mizani ya duka la nafaka kabla ya safari, shona mdomo. Wanafunzi wawili wawili waliinue hadi usawa wa kiuno wakiwa na mwalimu, walishushe taratibu. Asiliweke mtu kichwani wala begani, mgongo wa mtoto si wa kujaribia. Kuinua kunatosha. Kisha waambie kutoka hapa hadi Bagamoyo msafara ulitembea miezi mitatu hivi.

Kuhusu kibali cha kuingia: fika mwenyewe pale wiki tatu kabla, uonane na mhudumu wa kituo. Eneo ni la mambo ya kale chini ya serikali, kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si mkononi. Peleka barua ya shule yenye idadi kamili ili mpewe kiwango cha wanafunzi. Wakati huo huo mwachie mwongoza wageni maswali kumi waliyoandika watoto wenyewe, na umwombe azungumze dakika 20 kwa kundi. Asipopewa maswali atasema yale yale anayowaambia watalii, na atayarudia mara nne akiwa amechoka.

---

Tandiko_Cheyo

Kwenye usafiri niseme machache.

Watu 62 kwa Coaster moja, ikiwa ina viti vya abiria 31, ni safari mbili, kwa mbili ni safari moja ila unalipa mara mbili. Kwa umbali wa Kwihara, Coaster moja kwenda mara mbili inatosha kabisa, mradi mpange hivi: mkupuo wa kwanza wapande makundi mawili na walimu wao wawili, waanze vituo mara wanaposhuka. Kosa linalofanyika sana ni kundi la kwanza kuambiwa likae lisubiri wenzao. Dakika hamsini za kukaa bure, watoto wanatawanyika, na ratiba yote inavunjika hapo.

Katika makubaliano na mwenye gari andikeni: saa ya kufika shuleni, saa ya mwisho ya kurudi, mafuta ni ya nani, na gari likiharibika nani analeta jingine. Gari liwe na kibali cha kukodiwa kutoka LATRA (mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini), bima iliyo hai na leseni ya dereva ya daraja la abiria. Nakala zake zibaki kwa mkuu wa shule. Siku moja kabla, mwalimu akague tairi zote pamoja na ya akiba, mikanda, kizima moto na mlango wa dharura kama unafunguka. Mlango wa dharura uliokwama kwa kutu ni jambo la kawaida mno kwenye magari ya kukodi.

Abiria wasizidi viti. Hakuna kubebana hata kama ni "hapo tu Kwihara".

Barabara ni ya vumbi. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikinyesha usiku kuna sehemu gari dogo linazama kwenye tope. Julai na Agosti ndiyo salama, na pia mnakwepa msongamano wa mitihani ya Novemba.

---

Muuguzi_Kitete

Naongezea afya, kwa sababu huachwa hadi asubuhi ya safari.

Maji: hesabu lita moja na nusu kwa kila mtu. Watu 62 ni lita 93, kwa hiyo madumu matano ya lita 20, yawe yamechemshwa au kutibiwa jana yake na kufungwa vizuri. Kila mtoto na chupa yake yenye jina. Msitegemee maji ya pale, hata kama yapo mtakuwa mmewamalizia wenyeji wa kituo.

Vyoo: matundu ya eneo kama lile hayakujengewa wanafunzi 58 kwa mara moja. Wote waende chooni shuleni kabla ya kupanda gari. Bebeni ndoo yenye koki, sabuni, karatasi na taulo za kike angalau pakiti mbili, zikae kwa mwalimu wa kike na wasichana wote wajue ziko kwake.

Fomu ya mzazi iulize mambo matatu tu kwa uwazi: mtoto ana pumu, selimundu au kifafa? Anatumia dawa gani sasa? Kuna chakula au dawa inayomdhuru? Mwenye selimundu anywe maji kila kituo kinapobadilika, asiinue lile gunia, na asubuhi avae sweta kwa sababu baridi ya Julai huku inauma na baridi humwanzishia maumivu. Mwenye pumu akae mbali na madirisha ya nyuma ya gari, vumbi huingilia huko, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, si kwenye begi lililo chini ya kiti.

Sanduku la huduma ya kwanza: pakiti kumi za dawa ya chumvichumvi, glovu, bandeji, pamba, plasta, dawa ya kusafishia kidonda. Vidonge vya maumivu atoe mwalimu mmoja tu, kwa ruhusa iliyoandikwa na mzazi, na kila anayempa amwandike jina na saa.

Nyuki. Hii ni Tabora, miti yetu ina mizinga na mingine ina nyuki wa porini. Watoto wasirushe mawe mitini wala kupaka manukato siku hiyo. Nyuki wakitoka, kila mtu akimbilie ndani ya nyumba au ndani ya gari na kufunga, wala wasikimbilie vichakani. Mwiba wa nyuki ukwanguliwe kwa ukucha haraka. Mtoto akivimba uso au kuhema kwa shida, ni hospitali moja kwa moja, kwa hiyo gari lisiondoke eneo la ziara kwenda kubeba abiria wengine katikati ya siku. Hilo Tandiko_Cheyo mliandike kwenye makubaliano.

---

Malenga_Mwanga

Salamu kutoka Kigoma. Nizungumzie ushairi, kisha Ujiji.

Mwalimu, mashairi ya "nilipoamka asubuhi" yanatokana na agizo la "tungeni shairi kuhusu ziara". Agizo hilo linaita taarifa ya safari. Badala yake mpe kila mwanafunzi mtu mmoja na mahali pamoja. Wewe ni mpagazi aliyefika Kwihara Agosti 1872 ukitokea pwani. Wewe ni mlango. Wewe ni Susi unayemjibu Cameron. Wewe ni mwanamke wa Unyanyembe uliyeuza mtama kwa wageni hawa. Akishakuwa mtu fulani, anaacha kueleza basi.

Pale kwenye nyumba wasitunge. Huu ndio ushauri wangu mkubwa. Dakika 25 hazitungi shairi la arudhi, yaani la kufuata kanuni za vina na mizani, zinazaa vina vya kulazimisha. Pale waokote: karatasi yenye safu tano, walichoona, walichosikia, walichogusa, walichonusa, na swali moja lililowakaa kichwani. Angalau maneno manne kila safu. Kutunga kufanyike darasani ndani ya siku mbili, kabla ya harufu ya nyumba kuwatoka.

Darasani anzeni na vina, halafu mizani, yaani hesabu ya silabi. Wachague vina viwili vyenye maneno mengi. Aliyechagua kina cha kati "-chi" atakwama mshororo wa pili, aliyechagua "-ngo" au "-ma" atafika. Waandike maneno kumi kwa kila kina pembeni mwa karatasi, ndipo waanze ubeti. Mfano wa tarbia (ubeti wa mishororo minne), mizani nane kwa nane, unaoweza kuwaandikia ubaoni:

*Kuta nene za udongo, Kwihara zimesimama,*
*Mabegani na mgongo, walibeba wakahema,*
*Si hadithi ya uongo, Susi kapita na Chuma,*
*Tukifika kwenye lango, kwanza wao kuwasoma.*

Wahesabu kwa kupiga meza. Makosa yatakuwa mawili. La kwanza ni "m" inayosimama peke yake: m-go-ngo ni mizani tatu, mtoto ataandika mbili. La pili ni irabu zinazofuatana: u-o-ngo ni tatu, ataziunganisha. Upande mwingine "mwembe" ni mbili tu, mwe-mbe, na wapo watakaohesabu tatu. Jina la Livingstone linasumbua mizani kwa sababu silabi zake si zetu. Waambie watumie "daktari" au "mgeni", au wakitaka jina wakubaliane darasa zima namna moja ya kulitamka, ili usahihishaji uwe wa haki.

Kusahihisha: mzunguko wa kwanza soma maana tu, usiguse mizani. Ukianza kuhesabu mizani kwenye rasimu ya kwanza, mtoto atafuta mstari mzuri ili kuokoa hesabu. Mzunguko wa pili ndiyo arudhi.

Ujiji sasa. Pana eneo la kumbukumbu lenye mnara, jengo la makumbusho na sanamu za Stanley na Livingstone wakivuliana kofia. Mwembe wa wakati ule haupo tena. Iliyopo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Kwa safari ya shule kutoka Tabora jambo la kufikiria ni treni. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 400, treni ya kawaida huchukua usiku mzima, na haiendi kila siku. Kwa hiyo hata kama Ujiji penyewe ni nusu siku, ninyi mnahitaji siku tatu hadi nne kutegemea siku ya treni ya kurudi. Ulizeni ratiba stesheni wenyewe, msitegemee ya mwaka jana. Masika reli ikikatwa na maji, mnakwama na watoto 58 bila bajeti ya chakula, basi beba akiba ya siku moja zaidi ya ulizohesabu.

Malazi: ombeni bweni la shule ya Kigoma kipindi cha likizo, barua iende mkuu wa shule kwa mkuu wa shule, na vibali vya safari ya nje ya mkoa vipite ofisi ya elimu ya manispaa kwanza. Kwa kundi la mara ya kwanza, naona Kwihara mwaka huu na Ujiji mwaka ujao na wanafunzi wasiozidi 30.

Mkifika Ujiji waulizeni watoto kwa nini mnara uko mbali na maji wakati historia inasema pale palikuwa pa ufukweni. Jibu lipo kwenye Mto Lukuga: miaka ya 1870 mlango wake wa kutokea ziwani ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa. Mwishoni mwa miaka hiyo maji yakapasua njia, na ziwa likashuka mita kadhaa. Mwalimu wa Jiografia atapata kazi yake bila kuongezewa siku.

---

Mwana_Urambo

Naheshimu kazi yenu walimu, ila niseme wazi. Tunapeleka watoto wa Unyamwezi kwenye nyumba ya mgeni aliyekaa miezi michache, wakati Mirambo mwenyewe ni wa hapa, na Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani hadi kujilipua ndani ya boma lake Januari 1893 ni wa hapa. Kwa nini ziara isiwe ya hao?

---

Kazeh_Kale

Mwana_Urambo, hoja yako ni ya haki na inapaswa kuingia kwenye mpango wa ziara. Nyumba ya Kwihara haiwezi kuelezeka bila Mirambo. Stanley alinasa pale miezi kwa sababu mtawala wa Urambo alitaka wafanyabiashara wanaopita nchini kwake walipe hongo, yaani ushuru wa kupita, nao wakakataa. Matundu ya bunduki yalitobolewa kwa hofu ya Mirambo. Vijiti vya wapagazi, mtama uliolisha msafara, lugha iliyozungumzwa uani, vyote ni vya watu wa hapa. Kwa hiyo mwongoza wageni asipomtaja Mirambo ndani ya dakika tano za kwanza, mwalimu amuulize yeye.

Pia watoto waambiwe ukweli wote kuhusu njia iliyopita pale. Pamoja na pembe zilipita shingo za watu zilizofungwa minyororo. Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, upande wa Kongo, na taarifa zake zilitoka huku pamoja na Stanley. Juni 1873 soko la watumwa Unguja likafungwa kwa mkataba. Kwihara na Ujiji zimo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya mwaka 2006 kwa sababu ya njia hiyo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde. Mzungu mmoja aliyelala mle ni sehemu tu ya sababu.

Isike anastahili siku yake, msiibane na Kwihara. Mkijaza vituo vitatu kwa siku moja, watoto watakumbuka gari.

---

Malenga_Mwanga

Naungana na Kazeh_Kale. Katika zile nafasi za mtunzi, angalau wanafunzi kumi wapewe askari wa Mirambo, ruga-ruga. Shairi la kujibizana, mmoja ndani ya nyumba na mwingine nje ya ukuta, linapendeza sana likighanwa na watu wawili mbele ya shule.

---

Mwl_Ipuli

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Wasioweza mchango tuwafanyeje bila kuwaaibisha? Na simu: niruhusu wapige picha au nizuie?

---

Kazeh_Kale

Mchango: gharama kubwa ni gari, nayo haibadiliki wakiwa 50 au 58. Gawanyeni jumla ya gharama kwa 50 badala ya 58, halafu nafasi nane ziwe zimeshalipiwa. Orodha ya wasiolipa ibaki kwa mwalimu wa malezi peke yake, na risiti itolewe kwa wote kwa mtindo mmoja. Msiwape watoto hao kazi za kubeba madumu kama fidia, wenzao hutambua mara moja. Chakula kipikwe shuleni na kigawanywe sawa, kisiwe cha kila mtu na chake. Pilau husafiri vibaya kwa joto. Viazi vya kuchemsha, mayai, chapati na ndizi vinafika salama.

Simu: moja kwa kila kundi, inashikwa na mwandishi wa kundi, picha zisizidi kumi. Nakala za barua ndani ya vyumba zisipigwe kwa mwanga wa kamera, na muombe ruhusa ya mhudumu kwanza. Wengine wote mikono iwe na kalamu na ile karatasi ya safu tano ya Malenga. Ibandike kwenye kipande cha boksi gumu, maana pale hakuna meza za kuandikia, na leta kalamu za akiba ishirini.

---

Tandiko_Cheyo

Na kuhesabu watoto: mara nne. Wakipanda shuleni, wakishuka, kabla ya chakula, wakipanda kurudi. Kila mwalimu anahesabu kundi lake kwa kutaja majina, si kwa kunyoosha kidole vichwani, kwa sababu vichwa 58 vinavyotembea havihesabiki. Dereva asiwashe gari hadi walimu wote wa mkupuo huo wamesema kundi lao limetimia.